Vunja Jungu, Kanivali na Oscar: Namna ya Kuufaidi Msimu na Kubashiri Washindi

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu, siku ambayo Wakristo huanza Kwaresima, iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza siku hiyo hiyo au siku ya pili yake, kwa kutegemea nani aliuona mwezi na wapi. Wakati watu wa Rio de Janeiro na New Orleans wakimalizia kanivali yao, yaani sherehe za siku za mwisho kabla ya Kwaresima, familia za Unguja na Pemba zilikuwa zikirudi kutoka ufukweni na masufuria matupu ya pilau, zimekwisha kuvunja jungu, yaani kula na kufurahi pamoja kabla ya mfungo kuanza. Wiki chache baadaye zikaja tuzo za filamu za Oscar, na mabishano yake yakaingia barzani kama yanavyoingia mabishano ya mpira. Mwongozo huu ni wa mkaazi wa visiwani anayetaka kuufuata msimu huo wote kwa akili iliyotulia: aielewe kanivali ya wenzetu, aandae vunja jungu lenye ladha yake, kisha abashiri washindi wa filamu bila ya kuongozwa na mapenzi yake mwenyewe, kosa ambalo ndilo linalowaangusha wengi.

Kuipata tarehe

Kanivali haina tarehe maalumu kwa kuwa inaifuata Pasaka, na Pasaka nayo inaufuata mwezi. Chukua Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake, na hiyo ndiyo Pasaka. Rudi nyuma siku 46 utaipata Jumatano ya Majivu, na siku moja kabla yake ndiyo Jumanne ya mwisho ya kanivali, ambayo Wafaransa huiita Mardi Gras, yaani Jumanne ya mafuta. Siku ni 46 wala si 40 kwa sababu Jumapili sita zilizomo ndani ya Kwaresima hazihesabiwi kuwa siku za kufunga.

Ramadhani haina mapatano na hesabu hiyo. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, ilhali Pasaka hupanda na kushuka baina ya 22 Machi na 25 Aprili na haitoki hapo. Misimu hii miwili basi hukutana kwa miaka michache tu, kisha hupeana mgongo kwa muda mrefu. Mwaka 2027 Pasaka ni 28 Machi na Jumanne ya kanivali ni 9 Februari, nayo Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na 8 Februari, mwezi ukiandama. Jumamosi na Jumapili za tarehe 6 na 7 ndizo siku za kuandaa shughuli, maana kanivali ya Rio itakuwa imepamba moto na sisi tukiwa bado tunakula mchana. Mwaka 2028 mambo yatakuwa yameachana: Ramadhani inatarajiwa mwishoni mwa Januari, na Jumanne ya kanivali itakuwa 29 Februari.

Kuitazama kanivali kwa jicho la anayejua vunja jungu

Mgeni huiona kanivali kuwa ni manyoya, ngoma na watu waliojisahau. Sisi tuna wepesi wa kuielewa zaidi, kwa kuwa tunajua maana ya kula leo kwa sababu ya kesho. Zamani, Kwaresima ilipofungwa kwa masharti makali, nyama, mayai, maziwa na mafuta ya wanyama havikuliwa kwa wiki zote zile, na vilivyobaki jikoni vilipaswa kumalizwa. Ndiyo sababu Waingereza hukaanga chapati za maji Jumanne hiyo, na nchi nyingine za Ulaya zina maandazi na vitumbua vyao vya siku hizo, vingi vikiwa vimechovywa katika mafuta. Kesho yake asubuhi padri humpaka muumini majivu kipajini, na kwa desturi majivu hayo hutokana na matawi ya mitende yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Anayeitazama kanivali bila ya kuyakumbuka majivu ameona nusu yake tu.

Usijaribu kufuata kanivali zote. Chagua moja au mbili, uzijue mambo yake. New Orleans ina rangi tatu, zambarau, kijani na dhahabu, na ina vyama vya kanivali vinavyopita mitaani juu ya magari yaliyopambwa vikiwarushia watu shanga. Chama kimoja kikongwe cha Wamarekani weusi, kiitwacho Zulu, hutoa nazi zilizopakwa rangi, na watu hupigania nazi hizo kama dhahabu. Mpemba akiambiwa hayo atauliza kwa nini hawaji kwetu na jahazi. Binche, mji mdogo wa Ubelgiji, wanaume waliovaa kofia za manyoya ya mbuni huwarushia watu machungwa, na si adabu kumrudishia aliyekurushia. Hispania hufunga kanivali kwa mazishi ya dagaa: dagaa wa bandia hubebwa kwa maandamano, watu wakilia kilio cha mzaha, kisha huchomwa moto au huzikwa. Trinidad ndiyo nyumbani kwa ngoma za chuma zilizotokana na mapipa ya mafuta. Karibu zaidi na sisi, katika pwani hii hii ya Bahari ya Hindi, Quelimane ya Msumbiji ina kanivali yake iliyoachwa na Wareno, wale wale waliotawala pwani yetu kabla ya Waomani na ambao kanisa lao dogo lilikuwa mahali ilipojengwa Ngome Kongwe. Goa nayo, ilikotoka jamii ya Wagoa wa Mji Mkongwe waliokuwa wakisali katika kanisa la Minara Miwili, hadi leo huifungua kanivali yake kwa kumkabidhi mji mfalme wa mzaha aitwaye Momo.

Rio inastahili kukaliwa zaidi, hasa na mtu anayetaka kujifunza kubashiri. Skuli za samba, yaani vikundi vikubwa vya ngoma na uchezaji, hazichezi kwa kujifurahisha tu, zinashindana, na uwanja wao, Sambódromo, uliochorwa na msanifu Oscar Niemeyer na kufunguliwa mwaka 1984, ni uwanja wa kupimana nguvu hasa. Waamuzi hutoa alama kuanzia 9 hadi 10, kwa sehemu za kumi, katika mambo tisa: wapiga ngoma, wimbo, hadithi inayosimuliwa, mavazi, magari ya mapambo, mwendo wa kundi, upatanifu wa sauti, kikosi cha mbele, na jozi ya wachezaji wenye bendera ya skuli. Alama husomwa moja moja hadharani siku ya Majivu, na skuli yenye fahari kubwa inaweza kukosa ubingwa kwa sehemu ya kumi moja kwa kuwa gari lake lilikwama na kuacha pengo katika msafara. Mtu aliyewahi kuona vikundi vyetu vya beni au vya taarab vikitambiana atahisi yuko nyumbani. Saa za Rio ziko nyuma ya zetu kwa saa sita, kwa hiyo onyesho la saa nne usiku kwao ni la saa kumi alfajiri kwetu. Anayetaka kulitazama alale mapema, asitegemee kukesha.

Kuandaa vunja jungu lenye harufu ya kanivali

Hapa pana jambo la kusemwa wazi. Masheikh wetu kila mwaka huwaonya wanaolifanya vunja jungu kuwa ruhusa ya kutenda maovu, na wana haki. Chukua kutoka kanivali chakula, rangi, ngoma na mzaha, na yaliyobaki uwaachie wenyewe. Usivae mavazi ya kumkejeli mtu wa dini yoyote, wala usipite na vinyago mbele ya msikiti au kanisa wakati wa ibada. Jirani Mkristo anayejiandaa kwa Kwaresima aalikwe; safari hii wote wawili mnaaga.

Shughuli ianze alasiri, ufukweni au uani. Pilau na mishikaki vitakuwapo bila ya kuulizwa, kwa hiyo nguvu yako ipeleke kwenye chapati za maji, zipikwe hapo hapo zikiwa moto, kwa asali, kwa ndimu na sukari, au kwa samaki wa nazi kwa wasiopenda utamu. Kutoka New Orleans azima desturi ya keki ya mfalme. Huko hufichwa mwanasesere mdogo ndani ya keki, na anayempata katika kipande chake ndiye atakayenunua keki nyingine. Nyumbani kwetu tulibadilisha tukaficha lozi moja nzima ndani ya mkate wa kumimina, tukaitia kwa chini baada ya mkate kupoa, na aliyeipata akawa mwenyeji wa futari ya kwanza. Watoto waambiwe kabla ya kutafuna, na wadogo sana wakatiwe mkate mwingine usio na kitu.

Kwa ngoma, tafuta kidumbaki au tarumbeta za beni ukiweza, kwani spika peke yake haizindui mtu kutoka jamvini. Vinyago vya karatasi watoto wavitengeneze wenyewe siku moja kabla. Asiyeweza kuandaa chochote bado ana njia: tamasha la Sauti za Busara hufanyika Februari katika Mji Mkongwe na kwa kawaida huwa na gwaride la kupita mitaani, na hiyo ndiyo kanivali ya karibu kabisa ambayo mtu wa Unguja anaweza kuifuata kwa miguu. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, pamoja na kufanana kwake na mambo haya kwa nyimbo za kutambiana na kupigana kwa migomba, ni wa Julai na una asili yake nyingine kabisa, usichanganywe humu.

Kubashiri: mtazame mpiga kura

Mwaka 2022 niliitabiria ushindi The Power of the Dog kwa sababu ilikuwa imeteuliwa katika vipengele 12, na niliieleza barza nzima kwa sauti ya mtu anayejua. Ilipata tuzo moja tu, ya uongozaji. Filamu bora ikawa CODA, iliyokuwa na uteuzi katika vipengele vitatu na iliyovishinda vyote vitatu. Tangu hapo nimeacha kuhesabu uteuzi na nikaanza kuuliza nani anapiga kura, na kwa njia gani.

Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu ya Marekani ilianzishwa mwaka 1927 na sasa ina wapiga kura karibu 10,000, wote wakiwa watu wa kazi hiyo. Wamegawanyika katika matawi, na tawi kubwa kuliko yote ni la waigizaji. Uteuzi wa vipengele vingi hufanywa na wenye ufundi huo: wahariri huteua wahariri, waongozaji huteua waongozaji. Duru ya mwisho ndiyo inayofunguliwa kwa wote, hata fundi wa sauti akachagua mavazi bora. Kutokana na hilo chukua kanuni ya kwanza: uteuzi hukuonyesha mafundi wanathamini nini, ushindi hukuonyesha umati unapenda nini. The Color Purple iliwahi kuteuliwa katika vipengele 11 na ikatoka mikono mitupu mwaka 1986. Kuanzia tuzo za 2026 mwanachama anatakiwa awe amezitazama filamu zote za kipengele kabla ya kukipigia kura katika duru ya mwisho, na kwa maoni yangu sharti hilo litawapunguzia faida wenye majina makubwa katika vipengele vidogo.

Filamu bora ina hesabu yake peke yake, na asiyeielewa atakosea kila mwaka. Katika vipengele vingine mwenye kura nyingi hushinda, basi. Katika filamu bora, mpiga kura huzipanga filamu kumi zilizoteuliwa kuanzia anayoipenda zaidi hadi ya mwisho. Ikiwa hakuna iliyopita nusu ya kura, yenye kura chache kabisa huondolewa, na karatasi zake hupelekwa kwa filamu iliyopangwa ya pili kwenye karatasi hizo, na hivyo hivyo mpaka moja ivuke nusu. Tuseme zimebaki filamu tatu na kura 100. Ya kwanza ina 42, ya pili 35, ya tatu 23. Ya tatu ikiondolewa, na 18 kati ya karatasi zake zikaiweka ya pili mbele ya ya kwanza, basi ya pili inafika 53 na kushinda, ingawa wenye kuipenda kuliko zote walikuwa wachache. Mfumo huu unaipendelea filamu isiyochukiwa. Filamu inayowagawa watu, nusu wakiiabudu na nusu wakiitupa chini ya karatasi, huwa mashakani hata ikiwa ndiyo inayozungumzwa zaidi. CODA ilikuwa filamu ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuichukia.

Sasa zitafute dalili. Kabla ya Oscar vyama vya kazi vya Hollywood hutoa tuzo zao, na wanachama wengi wa vyama hivyo ndio hao hao wapiga kura. Chama cha watayarishaji hutumia mfumo ule ule wa kuzipanga filamu, kwa hiyo mshindi wake ni dalili nzuri ya filamu bora: CODA aliipata, na Green Book aliipata kabla ya kushinda mwaka 2019. Chama cha waongozaji kina historia nzuri zaidi, kwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 mshindi wake amekosa Oscar ya uongozaji mara chache mno. Mojawapo ni mwaka 2020, chama kilipompa Sam Mendes na Oscar ikaenda kwa Bong Joon-ho. Mwaka huo huo waigizaji walikuwa wamekwisha kuipa tuzo yao ya kundi zima filamu ya Bong, Parasite, na dalili ilikuwa pale kwa mwenye macho. Tuzo za Golden Globe ziangalie kwa ajili ya kelele zake tu, maana wapiga kura wake ni waandishi wa habari na si wanachama wa Akademia.

Angalia na tarehe za kura, jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya. Mwaka 2025 kura za mwisho zilipigwa kuanzia 11 hadi 18 Februari. Tuzo za filamu za Uingereza, BAFTA, zilitolewa tarehe 16, masanduku yakiwa wazi, na zile za chama cha waigizaji zilitolewa tarehe 23, masanduku yamekwisha kufungwa. Kwa mwigizaji bora wa kike na wa kiume, waigizaji waliwapa Demi Moore na Timothée Chalamet. BAFTA iliwapa Mikey Madison na Adrien Brody. Oscar iliwafuata BAFTA kwa wote wawili. Sidai kwamba itakuwa hivyo kila mwaka, lakini dalili zikigongana, mimi huipa uzito ile iliyotokea wakati watu bado wanachagua.

Kwa uigizaji kuna desturi nyingine inayotuhusu. Akademia humpenda anayeigiza mtu aliyewahi kuishi kweli, hasa akibadilika sura na sauti. Rami Malek alishinda mwaka 2019 kwa kumwigiza mwimbaji Freddie Mercury, mtoto wa Mji Mkongwe aliyezaliwa mwaka 1946, na kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuchukua Golden Globe, BAFTA na tuzo ya waigizaji. Dalili zote zilikuwa upande mmoja, na siku hiyo kulikuwa hakuna ushujaa wowote kumbashiria. Filamu yenyewe, Bohemian Rhapsody, ilitoka na tuzo nne, nyingi kuliko filamu nyingine yoyote usiku ule, na bado haikuwa filamu bora.

Moyo wako uupe nafasi moja tu katika karatasi nzima. Wengi wetu tulitamani kuiona Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na inayohusu Unguja ya miaka ya 1950, ikifika mbali Tanzania ilipoipeleka katika filamu za kimataifa kwa tuzo za 2023. Kila nchi hupeleka filamu moja, orodha hupunguzwa hadi 15, kisha 5, na yetu haikuingia katika hizo 15. Matamanio yale yalikuwa halali, lakini aliyeyaandika kwenye karatasi ya ubashiri alipoteza alama. Alama nyingi kwa kweli huokotwa katika filamu fupi na michoro hai, vipengele ambavyo wenzako watajaza kwa kubahatisha; baadhi ya filamu hizo huwekwa bure na kwa halali kwenye intaneti, na ukizitazama jioni moja umewatangulia.

Usiku wa tuzo na sheria za mchezo

Hafla ya 2025 tuliipata saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu 3 Machi, Ramadhani ndiyo kwanza imeingia, na wengi tuliitazama tukingojea daku. Marekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo hafla inayofanyika baada ya hapo, kama ile ya 15 Machi 2026, huanza saa nane usiku kwetu. Ile iliangukia kumi la mwisho la Ramadhani, na sikumshauri mtu aiache sala kwa ajili yake. Washindi wanasomeka asubuhi bila ya kupungukiwa na kitu. Kuanzia 2029 hafla itaonyeshwa YouTube, jambo litakalowapumzisha wasio na king'amuzi.

Karatasi zijazwe na kutiwa katika bahasha kabla ya hafla kuanza, na bahasha ishikwe na mtu asiyeshiriki. Bibi wa nyumba anafaa kuliko wote. Akademia yenyewe ilijifunza hivyo baada ya gazeti la Los Angeles kuwatangaza washindi mapema mwaka 1940, na mwaka uliofuata bahasha zilizofungwa zikaanza. Kila mtu aandike chaguo la kwanza na la pili katika kila kipengele, alama tatu kwa la kwanza na moja kwa la pili, ila filamu bora ambayo alama zake ni mara mbili. Watu wasichangishane fedha kisha mshindi akazichukua, maana hiyo ni kamari. Zawadi itoke kwa mwenyeji asiyecheza, na iwe kitu kama kikapu cha haluwa na kahawa ya kusaga.

Zawadi isikabidhiwe mpaka kipindi kimalizike kabisa. Mwaka 2017 waliokuwa jukwaani walikwisha kushukuru kwa La La Land ndipo ikagundulika kuwa bahasha iliyosomwa ilikuwa ya mwigizaji bora wa kike, na mshindi wa kweli ni Moonlight. Na kwa kuwa sare hutokea, kila mmoja aandike chini ya karatasi yake hafla itachukua dakika ngapi tangu mwanzo hadi mwisho. Wenye alama sawa wakitokea, aliye karibu zaidi na dakika hizo ndiye achukue kikapu.